Tisa ya Maua na Beberu Aitwaye Karani

Kule Ikutha mtu mwenye akili zake hahesabu mbuzi wake. Ukiwanyoshea kidole, mmoja, wawili, watatu, ni kama unamsomea chui orodha. Watoto pia hawahesabiwi. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakuambia, "Wapo, tunashukuru," na wewe utosheke na hayo. Lakini Ndolo wa Nzuki alizidi. Huyu hakuhesabu kitu chochote, hata mahindi ya kuchoma, na ndiyo maana nataka kuandika habari zake, kwa sababu sijaona tena mtu aliyejua hesabu kama yule asiyehesabu.

Mimi wakati ule nilikuwa nikichuuza asali. Nilinunua Tseikuru, nikapanda lori hili na lile na mitungi yangu, nikishuka pole pole mpaka Mtito Andei ambako madereva hununua bila kuonja. Nikifika Ikutha nililala kwa Ndolo, kwa vile mke wake Mbinya ni binti wa shangazi yangu, na kwa vile chai ya Mbinya ilikuwa na maziwa ya kweli.

Siku moja nikiwa pale bwana mifugo alikuja kuchanja. Akasimama mlangoni mwa boma na kalamu yake.

"Mzee, una mbuzi wangapi?"

"Wa kutosha," Ndolo akasema.

"Wa kutosha ni wangapi?"

"Ni wale ambao mmoja akikosa, najua."

Yule kijana akacheka, akachanja huku akihesabu mwenyewe kwa Kiingereza, akafunga sanduku. Ndolo akatazama boma mara moja tu, kama wewe unavyotazama sahani yako, akasema, "Umeruka mmoja. Jike mwekundu wa kwato nyeupe, yule ambaye mamake alikufa siku lori lilipoanguka mtoni." Tukatafuta. Alikuwa amelala nyuma ya ghala anacheua. Bwana mifugo alifuta namba yake akaandika nyingine, na alipoondoka hakuaga.

Basi. Karata Ndolo alijifunza kwenye shamba la katani kule Kibwezi alipokuwa kijana, karibu na uhuru. Wenzake walimwonyesha karata hamsini na mbili, yeye akaona boma. Kopa wakawa mbuzi wekundu. Uru wakawa wekundu wenye madoa. Jembe wakawa weusi kabisa, na maua wakawa weusi wenye baka jeupe. Mfalme ni beberu, malkia ni jike mzee, asi ni yule anayetangulia na kengele. Karata ikichezwa mezani, kwake huyo mbuzi amerudi nyumbani. Ambayo haijachezwa bado iko porini, na Ndolo hutulia hapo akijiuliza iko porini kwa nani. Tangu aanze kucheza Ikutha sijui kama alishindwa mara mbili.

Aliyeumia zaidi ni Kilonzo. Huyu alizaliwa Ikutha lakini alikuwa amefungua hoteli ya nyama Mtito Andei, pale barabarani, akanenepa shingo na maneno. Kila akija kuona mamake alicheza na Ndolo, na kila akicheza alishindwa. Siku moja ya soko akapiga meza ya duka la Ahmednur kwa ngumi.

"Wewe Ndolo si fundi wa karata. Wewe unasoma nyuso za watu!"

"Uso wako una nini cha kusoma?" Ndolo akamuuliza. "Ni kama ukuta wa choo."

Watu wakacheka, na Kilonzo akazidi kuwaka. Akasema wacheze kwa simu. Yeye akae Mtito Andei na mwenzake Mulei, anayemchomea nyama. Ndolo akae hapa na Ahmednur, kwa sababu simu ya kukoroga iliyokuwa karibu ni ya duka la Ahmednur. Kila mtu ataje karata yake kwenye waya, tuone nyuso zitasomwa na nani.

"Na tuwekeane kitu," Kilonzo akasema. "Mimi naweka redio yangu, ile kubwa ya betri. Wewe weka Karani."

Hapo watu wote dukani wakageuka kumtazama Ndolo. Karani alikuwa beberu. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa na mstari mweupe nyuma ya sikio, kama karani aliyechomeka chaki. Alikuwa baba wa nusu ya mbuzi wa Ikutha. Lakini shida haikuwa hiyo. Shida ni kwamba Karani hakuwa wa Ndolo. Mbinya alipewa na mamake angali mtoto wa mbuzi, siku binti yao Muthoki alipozaliwa, na Mbinya alimlea kwa chupa.

"Mwingine," Ndolo akasema. "Chagua mwingine."

"Ahaa! Kumbe unaogopa bibi."

Nimeishi siku nyingi, na nimeona maneno hayo matatu yakiwauzisha wanaume mashamba. Ndolo akasema, "Karani basi."

Ahmednur akashika kichwa. "Wallahi, Ndolo, mimi nimenunua mifugo kutoka huku mpaka Garissa, sijaona mtu anauza beberu kwa sababu ya hasira."

Karata ziligawanywa papo hapo. Ndolo aligawa bila kuhesabu, huyu, huyu, huyu, huyu, kama anayewarushia kuku mtama, zikaisha sawasawa. Mafungu manne yakafungwa kwa kamba ya katani, na mimi nikatoa nta ya nyuki tukafunika mafundo, kila mtu akaweka dole gumba. Kilonzo akapanda lori la dereva Bile na mafungu mawili. Walikubaliana sheria mbele yetu. Turufu ni jembe, inakata rangi zote. Rangi ikitolewa na wewe unayo, lazima uitoe, na anayeificha ameshindwa mchezo mzima hata kama alikuwa mbele. Siku ni Jumapili ijayo alasiri, kwa sababu Mbinya atakuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, mbali, ng'ambo ya mto.

Jumapili hiyo Karani alifungwa kwa lori la Bile mbele ya duka. Bile alikuwa dereva mpole, mtu wa sala, na hakupenda jambo hili, lakini alikuwa anakwenda Mtito Andei kesho yake asubuhi na Kilonzo alikuwa amemwambia asije mikono mitupu.

Ahmednur akakoroga simu. Kwenye eksichenji alikuwa msichana aitwaye Ndinda, ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha waya na kunyamaza. Kuunganisha aliunganisha.

"Haloo! Nimeshawasha makaa!" Hiyo ilikuwa sauti ya Kilonzo, na hata sisi tuliosimama mbali tuliisikia. "Nimetangaza hapa kwamba kesho kuna supu ya beberu!"

"Cheza," Ndolo akasema. "Supu haina masikio."

Mchezo ulikuwa raundi kumi na tatu, na mwenye saba ameshinda. Ahmednur aliweka punje ya mahindi kwa kila raundi, huku kwetu au huku kwao. Ndolo alifumba macho. Kila karata ilipotajwa kwenye simu, alinong'ona, "Amerudi." Raundi moja maua yalipotolewa, Mulei alisema hana, akatupa uru. Ndolo akatikisa kichwa tu, polepole, kama mtu aliyeambiwa njia ile imefungwa.

Zikapita raundi kumi na moja. Punje tano kwetu, sita kwao. Zilibaki karata mbili kwa kila mkono, na zamu ya kuanza ilikuwa ya Ndolo. Jasho lilikuwa limemshika hata mgongoni. Nje Karani akalia.

"Mfalme wa maua," akasema kwenye simu. Asi ya maua ilikuwa imesharudi. Hapakuwa na ua la kumshinda huyo.

"Tatu ya uru," Mulei akasema. Hana maua, tulishajua.

Ahmednur alikuwa hana ua pia, akaweka nne ya kopa.

Kisha sauti ya Kilonzo, nzito, inafurahia kila neno. "Maua... sina. Nakata kwa turufu. Saba ya jembe! Raundi yetu ya saba, wazee! Mulei, weka sufuria!"

Huko Mtito Andei tulisikia watu wakipiga meza. Ahmednur akasogeza punje upande wao. Bile akatoka taratibu kwenda kufungua nyuma ya lori.

"Ngoja," Ndolo akasema.

"Ngoja nini? Umeisha!"

"Kilonzo, kuna mbuzi wangu hajarudi. Jike mweusi wa baka jeupe. Yule wa tisa."

"Hapa tunacheza karata, si kuchunga!"

"Tisa ya maua haijaonekana tangu tuanze," Ndolo akasema, macho bado amefumba. "Mimi sina. Ahmednur ametoa kopa juu ya ua, kwa hivyo hana. Mulei alikosa ua mapema, naye hana. Amebaki nani porini?"

"Wewe unaota. Nimebaki na karata moja na si hiyo."

"Sawa. Itaje."

Simu ilikuwa inavuma kama mzinga.

"Si itaje tu, ndugu yangu," Ndolo akasema kwa upole. "Karata moja. Ina jina."

"Ni... ni tano ya kopa."

Hapo sauti ya mwanamke ikaingia kwenye waya. "Tano ya kopa imetoka zamani, bwana. Ahmednur ameitoa raundi ya nne."

"Nani huyo?" Kilonzo akapiga kelele.

"Samahani," Ndinda wa eksichenji akasema. "Sikuwa nasikiliza."

"Nimekosea kusoma, hapa kuna moshi! Ni mbili ya uru! Mbili ya uru, haijatoka, mnaona?"

Ndolo alifungua macho. Alikuwa anatabasamu tayari, lakini hakuhitaji kusema, kwa sababu tulimsikia Mulei, mbali kidogo na simu, mtu mwaminifu wa watu:

"Lakini bosi, hiyo si iko kwangu?"

Sijui nani alicheka kwanza. Mtito Andei walicheka, Ikutha tukacheka, Ndinda akacheka mpaka akakata simu kwa bahati mbaya na kuiunganisha tena. Iliporudi, Kilonzo alikuwa akisema kwamba ile tisa ilikuwa imejificha nyuma ya karata nyingine, kwamba vidole vyake vina mafuta, kwamba mtu anayepika nyama hawezi kulaumiwa. Ahmednur akachukua simu.

"Kilonzo, sheria ni sheria. Redio ipande gari la Bile likirudi. Na betri zake."

Ndolo akatoka nje akitembea kama mtu aliyetolewa mzigo kichwani, akasema anakwenda kumfungua Karani amrudishe nyumbani kabla jua halijashuka. Akafika kwenye lori akasimama. Kamba haikuwepo. Karani hakuwepo.

Mtu yule aliyejua mbuzi mmoja aliyelala nyuma ya ghala akageuka huku na huku, mdomo wazi. "Bile! Beberu yuko wapi?"

Bile akatazama juu, kama anayetafuta mawingu.

"Yuko na mwenyewe," sauti ikasema.

Mbinya alikuwa amesimama penye kona ya duka, Biblia kwapani, kamba ya Karani mkononi. Mkutano ulikuwa umevunjika mapema kwa sababu mhubiri alipata pancha. Alikuwa amefika kitambo. Alikuwa amesimama mlangoni tangu raundi ya tisa, nyuma ya mume wake, hatua nne, na hakuna aliyethubutu kumwambia Ndolo, hata mimi ndugu yake. Nilikuwa nimepanga kukohoa lakini kikohozi hakikutoka. Tulipoangua kicheko ndipo alipotoka akamfungua beberu wake.

"Baba Muthoki," akasema. "Tisa ya maua iko Mtito Andei, ndani ya mkono wa Kilonzo, wewe umeiona. Mke wako yuko nyuma ya shati lako, hukumwona. Elezea hiyo."

Ndolo akanitazama, nikatazama Bile, Bile akatazama Karani.

"Mama Muthoki," akasema mwishowe, "sisi si hatuhesabu watu?"

Mbinya alitaka kukasirika. Nilimwona akiitafuta hasira kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Halafu bega likaanza kumtetemeka, akageuka na beberu wake akaondoka akicheka peke yake, na Ndolo akamfuata nyuma, mbali kidogo, kama mbuzi aliyekula shamba la mtu.

Redio ilifika siku ya tatu. Iliwekwa upande wa Mbinya, juu ya sanduku lake, na tangu hapo Ndolo alisikia nyimbo za dini zaidi kuliko mahubiri yote aliyowahi kukwepa. Karata pia zilirudishwa na Bile, zimefungwa kwa gazeti. Mbinya ndiye aliyezipokea.

Jioni hiyo Ndolo alizitandika mkekani. Hakuhesabu. Alitazama mara moja tu, akajua jike wa baka jeupe, yule wa tisa, hayupo. Na alijua yuko wapi. Hata mimi nilijua, kwa maana nilikuwa nimeona kipembe cha karata kikichungulia kutoka kwa Biblia ya Mbinya, mahali alipoachia kusoma.

Karata hamsini na moja hazichezwi. Miaka mingi nilipita pale na asali yangu, na kila Jumapili nilimwona Ndolo ameketi kanisani kando ya mke wake, akitazama ile Biblia ikifunguliwa. Wengine walidhani ameokoka. Nikamuuliza siku moja kwa nini asimwambie tu Mbinya amrudishie mbuzi wake.

"Yuko mahali salama," akasema. "Mradi najua alipo, hajapotea."