Karatasi ya Kufungia Unga wa Dumuzi

Mama yangu alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la kisomo, na tangu hapo akawa haachi kitu. Alisoma magazeti tuliyobandika ukutani, akasoma vifuko vya sabuni, kidole kikitangulia chini ya maneno. Mimi, msichana wa darasa la sita, nilikuwa namcheka. Kwake yeye, kilichoandikwa kwenye kifurushi kinahusu kilichomo ndani, basi.

Zamani unga wa kuua dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, tuliupata duka la ushirika, kwenye kopo lenye picha ya fuvu. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, kila mwenye meza gulioni Mpui akawa anauza, anachota kwa kijiko. Jumamosi ile baba alinituma, maana mahindi yalikuwa yanaliwa kihengeni. Muuzaji alichana karatasi ya daftari la shule, akanifungia. Nilipofika nyumbani mama alikuwa chumbani, anamhangaikia mdogo wangu aliyekuwa akiharisha tangu juzi. Nikaweka kifurushi mezani, nikachukua ndoo, nikaenda kisimani. Sikumwambia ni unga wa nini.

Ndoo ilikuwa nusu nilipokumbuka maandishi ya ile karatasi. Nilikuwa nimeyasoma njiani, kupitisha muda tu: somo la afya, namna ya kumtibu mtoto anayeharisha. Niliiacha ndoo palepale nikakimbia, upepo wa Ufipa unanipiga kifuani, huku nasema peke yangu, mama usisome, leo tu usisome.

Nilimkuta amempakata mdogo wangu. Kikombe kiko mkononi, bado kimejaa, maji yameshakuwa meupe. Karatasi ameinyoosha vizuri gotini.

“Afadhali umekuja, mwanangu,” alisema. “Wanasema nitie kijiko kimoja, nikoroge, nimnyweshe mara... hapa pamechanika. Mara ngapi?”

Nilimpokonya kikombe, nikamwaga nje. Kisha nikamweleza kwamba ule ni unga wa dumuzi. Hakunigombeza. Aliitazama karatasi, akaniuliza kama yaliyoandikwa ni uongo. Nikasema hapana, ni kweli yote, ila ni ya dawa ya kuharisha, si ya unga huu. Hata sasa nikiandika haya roho haijatulia.

Mama hakuacha kusoma. Ila tangu siku ile, akishika karatasi yoyote, alikuwa anauliza kwanza: “Nani kaandika hii, na alikuwa anamwambia nani?”