Tangi Letu Lisilojaa

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nikiwa kijana wa kompyuta pale Kitale, najiona nimeshafika. Mimi na mwenzangu Barasa tulikuwa tumepewa kazi na ushirika wa maziwa wa upande wa Kimilili: ukurasa wa simu wa kumwonyesha mkulima kama tangi la kupozea maziwa lina nafasi au limejaa. Kazi ndogo, utasema. Hata sisi tulisema hivyo.

Mama Nasimiyu, mfugaji kutoka Bokoli, alikuja mwenyewe ofisini kabla hatujaanza. Zaidi ya mara moja alikuwa amefika langoni mwa ushirika kwa bodaboda akakuta tangi limejaa, akarudi na maziwa yaliyoharibika kwa jua. "Mkinidanganya na hiyo simu, watoto wangu, mimi nauza ng'ombe," alisema. "Nimechoka kumwaga." Hakuwa akitania.

Sasa, ukurasa wenyewe haujui tangi likoje. Huambiwa na huduma, programu iliyo kwenye seva, ile kompyuta ya mbali, ambayo hutuma habari kila hali inapobadilika, na ukurasa hukaa ukisikiliza. Mwanzoni tuliujaribu kwa huduma hiyo yenyewe, na wewe unaujua mtandao wetu mvua ikinyesha: majaribio yote yanakuwa mekundu, yaani yameanguka, na kosa si letu. Basi Barasa akatengeneza huduma ya kuigiza, ya kukaa mahali pa ile halisi wakati wa kujaribu. Hilo lilikuwa jambo la akili, sikatai. Huduma yake ilisema "nafasi ipo" papo hapo, mara moja, ikanyamaza. Majaribio yakawa kijani kibichi, nasi tukaagiza chai na mandazi.

Mzee Wafula, mkubwa wetu wa kazi, mtu wa Bungoma mwenye sauti ya chini, akaja na kikombe chake akasoma jaribio letu bila kuketi.

"Barasa, hili tangi lako hujaa lini?"

"Mzee, si hilo ni jaribio tu."

"Ndiyo. Hujaa lini?"

Barasa akacheka kidogo. Mzee hakucheka. "Mmemfundisha msemaji wenu neno moja tamu, halafu mnajisifu ati mmesikia vizuri. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Na hapa atakayelia ni mama wa watu." Akaenda zake, na uzinduzi ukasimama. Lo, nilikasirika! Nilinung'unika hadi chai ikapoa. Nilidhani ni uzee tu unamsumbua; sasa nimeufikia mimi mwenyewe, na naona hausumbui hivyo.

Tukaitengeneza upya ile huduma ya kuigiza, iwe mikononi mwetu: tuiamuru inyamaze kwanza, kisha iseme nafasi ipo, kisha limejaa, kisha ikatike katikati kama mtandao wa mvua. Neno la kwanza likapita. La pili, mwanangu, likatuvua nguo. Huduma ilisema limejaa, na ukurasa ukaendelea kusema nafasi ipo. Tulikuwa tumeuandika usikilize mara moja tu, kisha uzibe masikio. Barasa alishika kichwa: "Bana, huyo mama angemwaga tena." Mimi niliona haya kweli kweli.

Tukarekebisha. Majuma machache baada ya uzinduzi, Mama Nasimiyu alipiga simu. Akiwa njiani, ukurasa ulibadilika machoni pake ukasema limejaa, akageuza bodaboda, akawauzia majirani maziwa yangali mabichi. "Leo sijamwaga," alisema. Mzee Wafula aliposikia, alitoka nje, akasimama kibarazani peke yake akijifuta macho.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Ukijaribu kipande cha ukurasa, usikiunganishe na huduma halisi. Weka ya kuigiza. Lakini igiza kwa haki. Ichelewe, ibadili neno, ikosee, inyamaze kabisa, nawe utazame ukurasa wako unamwambia nini mtu anayeutegemea. Na ukurasa ukifungwa, hakikisha nao umeacha kusikiliza, usije ukala chaji ya simu ya mtu bure. Jaribio linalokubembeleza halikupendi. Mungu akupe mkubwa atakayekuuliza swali gumu mapema, akupe na moyo wa kulijibu bila kununa. Amina.