Kava la Injini

Leo nimepita kwa fundi wa bodaboda hapa Tukuyu, na harufu ya oili iliyoungua imenisimamisha. Sijui kama nakumbuka sawasawa, nilikuwa mdogo.

Kaka yangu aliachiwa ndege ya rimoti na mgeni mmoja wa kiwanda cha chai. Haikuwa na kava la injini. Baba akamwambia, "Gwe, wewe kijana, hiyo ikiruka, nauza ng'ombe uende ufundi. Isiporuka, Jumatatu unaingia kuchuma chai na mimi."

Kaka alikata kava kwenye kopo la siagi, akaacha matundu mbele. Mama akayachungulia.

"Na mvua ya huku? Nani anaezeka nyumba akaacha matundu?"

Tulicheka wote, hata kaka. Akayaziba kwa gundi. Kwetu kila kitu hufunikwa, na hakuna aliyeona kosa.

Kwenye uwanja wa shule ndege ilikimbia juu ya majani mabichi. Magurudumu yalikuwa yanaanza kuinuka injini ilipokata. Kaka alifungua kava, moshi ukatoka. Injini ilikosa hewa ya kuipoza, ikanoki na kufa.

"Ilikuwa inapanda, baba," kaka alisema.

"Niliona, mwanangu. Lakini haikupanda."

Baba hakudanganya, na mama hakutaka mabaya. Nimejaribu kutafuta wa kulaumiwa, simpati.

Jumatatu asubuhi mvua ilinyesha. Baba alimvalisha kaka aproni yake mwenyewe ya plastiki ya kuchumia chai, akaikaza kamba mgongoni, akamuuliza kama inambana. Kaka akasema haimbani.