Wifi Kaniharibia Nyama kwa Jagi la Maji

Nani alimtuma wifi yangu aguse kikaango changu?

Steki nimeifuata sokoni Kashaulili asubuhi. Nikaikata vipande vidogo, nikaikaanga na kitunguu saumu, nikamwagia asali. Ikaanza kunata na kung'aa, jamani!

Nikatoka kidogo kuanua nguo.

Narudi, namkuta huyu dada wa mume wangu, mgeni kutoka Karema, kaimiminia nyama yangu jagi zima la maji.

"Nimekuwekea mchuzi, wifi. Ugali tungekula na nini?"

Nikapakua hivyo hivyo.

Mume wangu akaonja, akalamba vidole. "Mke wangu, leo ndo umepika!"

Wifi akadakia, "Nimemfundisha."

Nyie, gari la Karema kesho linaondoka saa ngapi?

Mabegi yake nimeshapanga.