Kadi ya Meneja

Pale kliniki ya wanyama, kabla hujamfikia daktari ni lazima umpitie Bi Kadi. Wateja ndio waliombandika jina hilo, kwa sababu hakuna mbwa wala paka aliyetoka mlangoni bila kadi ya chanjo iliyojazwa kwa mwandiko wake wa mviringo, unaosomeka hata na aliyesahau miwani nyumbani. Alikuwa karani wa mapokezi kwa miaka kumi na minane, na watu walimuuliza mambo ambayo kwa daktari waliona haya kuyauliza.

"Paka wangu hatoki nje kabisa, achanjwe ya nini?"

"Wewe si unatoka? Unarudi na uchafu wote wa mjini kwenye viatu. Mlete."

"Mbwa akiumwa tumbo, nikimpa dawa yangu ya maumivu, nusu kidonge tu?"

"Kama umemchoka, mpe."

"Dawa ya minyoo si nilimpa mwaka juzi?"

"Na mwaka juzi ulikula pia. Mbona leo umekula tena?"

Walicheka, lakini walitii. Kulikuwa na wale wa kuzungukazunguka, wanaokuambia mbwa ameanza kutapika leo asubuhi kumbe ni wiki nzima. Hao Bi Kadi hakugombana nao. Aliwaonyesha kwa kalamu karatasi aliyoibandika ukutani juu ya kichwa chake: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa tusimpambe kupita kiasi. Bi Kadi alikuwa na desturi yake moja. Wanyama wa chanjo waliachwa kliniki asubuhi na kuchukuliwa mchana, na yeye, ili watu wasikae foleni, alizijaza kadi zote mapema: tarehe, jina la chanjo, namba ya kichupa, muhuri. Daktari alitia sahihi akipita, kalamu huku, macho kule. Sindano zilifuata baadaye. Kwa miaka yote hiyo kadi ilitangulia sindano na hakuna aliyedhurika, na kosa lisilomdhuru mtu hugeuka kuwa utaratibu wa kazi.

Mpaka akaja Meneja. Huyu alikuwa mbwa wa mwalimu mmoja mstaafu, na jina alipewa kwa kuwa alilala kutwa, akiamka anamfokea kila mtu. Siku ile daktari alimpima akamkuta na homa. Akatoa kichwa dirishani.

"Huyu simchanji leo, ana homa. Wape dawa hii, wamrudishe baada ya wiki mbili."

Bi Kadi alikuwa na simu sikioni, akimweleza mama mmoja kwamba vitunguu si chakula cha mbwa. Aliitikia kwa kichwa. Mchana Mwalimu alipokuja, alimkabidhi mbwa, dawa na kadi, na lile la wiki mbili likabaki dirishani.

Jioni, wakati wa kufunga friji, alikuta kichupa kimoja cha chanjo ya kichaa cha mbwa kimebaki. Alisoma namba yake akajua palepale ni cha nani. Namba ya simu ya Mwalimu ilikuwa daftarini, chini ya mkono wake. Lakini Mwalimu ndiye aliyezoea kumsifu mbele ya foleni nzima, kwamba kama angekuwa mwanafunzi wake angempa mia juu ya mia. Bi Kadi aliona aibu. Nitampigia kesho, alijiambia. Kesho ikazaa kesho nyingine, na mwisho wa mwezi daktari alipotaka kulinganisha daftari na friji, aliandika kwamba kichupa kimoja kilianguka kikavunjika. Kuvunjika kilivunjika kweli. Alikivunja yeye, ndani ya ndoo ya taka, mlango ukiwa umefungwa.

Nafsi ikaanza kumsuta. Hakusutwa kila saa, tusidanganyane, maana mtu huzoea hata kokoto kwenye kiatu. Ila kila alipofika ukurasa wenye jina la Meneja, aliufunua haraka.

Ikapita miezi mitano. Siku moja asubuhi simu ikalia.

"Bi Kadi, nina swali dogo," alisema Mwalimu. "Mbwa aliyechanjwa akimng'ata mtu, kuna haja ya kwenda hospitali?"

"Kamng'ata nani?"

"Mama watoto. Mkononi, alikuwa anamwekea maji. Meneja siku hizi hana raha, anajificha chini ya meza. Leo siku ya tatu mama watoto ananisumbua anataka sindano. Nimemwambia kadi ninayo hapa, Bi Kadi ameandika mwenyewe, atulie."

Bi Kadi aliishika meza kwa mkono mmoja. "Kidonda mlikiosha?"

"Tulikimwagia maji."

"Kiosheni kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Halafu muende hospitali. Leo hii."

"Hata kama mbwa amechanjwa?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mbele yake alisimama mteja na paka kikapuni, na nyuma yake dirisha la daktari lilikuwa wazi.

"Hata kama amechanjwa," alisema.

Mwalimu akacheka. "Hizo ni tahadhari zenu za kukwepa lawama. Si wewe uliyeniambia kadi ndiyo ushahidi? Haya, asante mama."

Akakata simu. Bi Kadi alipiga tena, haikupokelewa, akapiga tena. Alijua hawataenda. Alijua pia ugonjwa ule, maana ndio aliowatishia wateja kwa miaka kumi na minane: dalili zikishamtokea mtu, hakuna daktari wa kumrudisha. Yule mama alikuwa na siku tatu nyuma yake, na kilichomzuia kwenda hospitali ni mwandiko mzuri.

Aliinuka akaingia kwa daktari bila kubisha hodi.

"Meneja hana chanjo. Siku ile ulimwacha kwa homa, mimi nikatoa kadi. Na kile kichupa sikukiangusha, nilikivunja kwa makusudi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Na sahihi ni yangu," akasema. "Nenda kwao. Mimi nakuja nyuma yako kumchukua mbwa."

Kwa Mwalimu ni mitaa mitatu tu, lakini alifika anahema. Mke wa Mwalimu ndiye aliyefungua mlango, mkono umefungwa kitambaa. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake na kadi iko mezani.

"Mwalimu, kadi hiyo ni ya uongo. Meneja hakuchanjwa. Nililijua hilo jioni ileile, nikanyamaza."

Mwalimu alivaa miwani, akaisoma kadi kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kama mtu anayesahihisha mtihani. Mkewe alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.

Hospitali walimwanzishia sindano mchana huohuo. Meneja alifungiwa peke yake kliniki siku kumi, na siku zote kumi Bi Kadi alifika kabla ya mtu yeyote kwenda kuchungulia: kala? kanywa? anatoa udenda? Siku ya pili daktari, kwa glavu nene, aliona jino lililooza mpaka kwenye fizi. Kumbe ndilo lililomfanya ajifiche na kung'ata. Siku ya kumi Meneja alikuwa anafokea kliniki nzima. Waliojua walimwambia Bi Kadi, ashukuru, yamepita. Alijibu ndiyo, akainamia daftari lake. Jino lilimsafisha Meneja, yeye halikumsafisha. Ile karatasi ya ukutani aliibandua, kwa sababu hakuweza tena kumwonyesha mtu.

Aliyekuja kumchukua Meneja ni mke wa Mwalimu. Safari hii mbwa alichomwa sindano mbele ya macho yao wote, na hapo ndipo Bi Kadi alipofungua kadi mpya na kuandika. Mwandiko ulipinda.

"Nina swali, dada," alisema yule mama.

"Uliza."

"Siku tatu nilimwomba mume wangu anipeleke hospitali. Miaka thelathini na moja nimekaa naye, akaamini mwandiko wako kuliko mimi. Hilo ni lake, nitamalizana naye. Lako ni hili. Kama Meneja asingening'ata, ungetuambia lini?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni. Simu ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Bi Kadi aliifunika kalamu yake, akaifunua tena. Yule mama alisubiri kwa adabu. Kisha akaichukua kadi, akaipuliza wino ukauke, akamwita mbwa wake wakaondoka.