Kioo Nilikichagua Mimi, Lawama Akabeba Mzee Deo

Nianze na kosa lenyewe, maana nikizunguka nitajionea huruma bure. Nilimsingizia mtu mzima mbele za watu, na mpaka leo anatembea na jina baya nililompaka mimi.

Mimi ni mwanamke wa Tabora mjini, mzaliwa. Baba alikuwa na studio ya picha. Alipofariki akaniachia studio, na ndani ya studio akaniachia fundi wake, nitamwita Mzee Deo. Mtu wa Ulyankulu, rozari haimtoki mfukoni, na ubishi wake usiseme! Nimemwamkia shikamoo tangu utotoni. Lakini baada ya baba kuondoka, yeye akaanza kuniita bosi. Jamani, jina lile lilinilevya.

Siku moja akaja mchungaji wa kanisa moja hapa mjini. Marafiki zao wa ng'ambo walikuwa wamewapa kamera pamoja na kasha lake la majini, lile boksi gumu linaloifunika kamera isilowe. Walitaka kupiga video ya ubatizo kule bwawa la Igombe, mtu aonekane anavyozama na kuibuka. Tatizo, kasha lilikuja bila kioo cha mbele, kile ambacho lenzi inaona kupitia kwacho.

Mzee Deo, ambaye zamani alifanya kazi Kigoma na watu wa kupiga picha samaki wa ziwani, akafungua mdomo. "Mchungaji, kwanza tusome namba ya kasha. Halafu tuijue lenzi, maana kioo..."

Nikamkata. "Hilo dogo, mchungaji. Niachie mimi."

Sikutaka fundi wa baba aonekane anajua kuliko mimi. Ni hilo tu, sina sababu nyingine ya kuwapa.

Nikampata muuzaji wa Dar kwenye simu. Nikamtumia picha ya kasha, akaniambia, "Hiki kinaingia kote, dada." Kikaja na basi, na kweli kikaingia! Nikakizungusha, kikanasa. Ila ukikitikisa kilikuwa kinacheza kidogo, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Mzee Deo akakigeuza geuza. "Bosi, hiki si cha kasha hili. Kuingia si kukaa." Akanionyesha ule mpira mwembamba wa kuzuia maji, upande mmoja haukuwa umebanwa. "Tutoe kamera, tuweke karatasi ya chooni ndani, tulizamishe kasha kwenye pipa saa nzima. Karatasi ikitoka kavu, twende."

"Mzee, watu wanasubiri bwawani. Paka grisi tuondoke."

Akapaka.

Kule Igombe aliingia majini mpaka kifuani na kasha mikononi. Mtu wa kwanza akazamishwa. Kabla hajaibuka nikaona mapovu, na hayakuwa ya yule mbatizwa. Mzee Deo alipolinyanyua kasha, maji yalikuwa yamefika nusu ya kioo. Kamera ikawa imekufa pale pale.

Mchungaji akanigeukia. "Imekuwaje?"

Na mimi huyu, na mdomo wangu huu, nikasema, "Mzee Deo hakusafisha mpira. Na nilimwambia."

Nilimwambia! Astaghfirullah, hata hilo niliongeza.

Alikuwa bado amesimama majini. Akanitazama, nikajua sasa anasema, nimekwisha. Akasema tu, "Kama bosi kasema." Jumatatu akaleta ufunguo wa studio, akarudi Ulyankulu kulima.

Mchungaji akanisamehe. Tena akanisifu, eti si kila mfanyabiashara anasema ukweli kuhusu mtu wake. Waumini wakipita dukani wananiuliza, "Yule mzee mzembe ulishamfukuza?" Na mimi naitikia kwa kichwa.

Sasa sikia hili. Wiki iliyopita mchungaji alikuja kupiga picha za pasipoti. Simu ikaita. Simu yangu spika ya sikioni imekufa, naweka sauti ya nje, kila mtu anasikia. Mwanamume akajitambulisha, yuko Kigoma, wanaandaa filamu ya samaki wa Ziwa Tanganyika, na Mzee Deo ameomba kazi ya kuandaa makasha ya kamera.

"Mwenyewe ametuambia kuna kamera iliwahi kuingia maji mikononi mwake. Tulipouliza sababu, akasema tukuulize wewe."

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, jamani! Lakini mchungaji amekaa kwenye kiti cha picha, ananiangalia, anangoja.

"Ni uzembe wake," nikasema.

Yule bwana akashusha pumzi. "Basi dada, wewe huwezi kutufanyia?"

Mchungaji akadakia, "Anaweza sana huyu!"

Nikasema naweza. Jioni ile wakanitumia orodha: makasha mawili, lenzi tatu, nichague kioo cha kila moja, ndipo tukubaliane kazi. Nikaikodolea macho mpaka yakauma. Sikujua kitu, utaalamu wote wa studio ile ulikuwa kichwani mwa mtu niliyemfukuza kwa uongo.

Unajua nilifanya nini? Nilimpigia yeye.

"Shikamoo, Mzee Deo."

"Marahaba, bosi! Hamjambo huko?" Sauti ina furaha kabisa. Nikamwambia nina mteja. Akanifundisha bila kuficha kitu. Lenzi ya kuona eneo pana, kioo cha mviringo kama bakuli. Lenzi ya vitu vidogo vya karibu, kioo bapa. Lenzi ikiwa ndefu, unatia pete ya kurefusha katikati. Na vyote viwe vya kasha lile lile, usibahatishe. "Kuingia si kukaa," akasema, akacheka. Mimi naandika huku machozi yanalowanisha karatasi.

Mwisho akasema, "Niombee, bosi. Na mimi nimeomba kazi kama hiyo Kigoma. Watakupigia kuuliza habari zangu. Najua utawaambia ukweli, yale yameshapita."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetoka Igombe imefika Kigoma, na kila hatua inazidi kunibana. Nikikataa kazi wataniuliza kwa nini. Nikikubali, ninakula riziki ya mtu kwa akili zake mwenyewe. Nikisema kweli, mchungaji atajua nilimdanganya mara mbili, ya pili nikiwa nimemkazia macho.

Wewe unayesoma, ukikosea sema hapo hapo, nguo zikiwa bado zimelowa. Ukisubiri zikauke utaanza kuzizoea.

Kigoma wanataka jibu langu kesho. Na asubuhi hii Mzee Deo ametuma ujumbe wa sauti: "Bosi, wameshapiga?" Nimeusikiliza mara tatu, sijamjibu.