Funguo Kumi na Mbili za Fernande

Dada yangu Fernande ana kichwa kigumu, na nasema hivyo huku nakula chakula chake. Nilihamia kwake Shawinigan, mji wetu wa theluji, mke wangu aliponichoka, nikamwambia nakaa wiki mbili tu. Huu ni mwaka wa saba. Alipika kwenye kantini ya shule miaka thelathini, akastaafu, akanunua fleti yake ghorofa ya kwanza. Kila Oktoba watu kumi na wawili wa jengo letu wanakimbilia Florida kuota jua, na wote walikuwa wanamwachia yeye funguo. Alizivaa kiunoni kwenye pete ya chuma, ukimsikia anakuja unajificha na sigara yako.

Kila asubuhi alikuwa anapanda kwenye fleti zao. Anaingia, anagusa vipasha joto, anafungua bomba, anasikiliza, anaandika saa na jina lake kwenye daftari. Halikuwa jambo la mchezo. Bima za hao waliosafiri zinasema wazi kwamba wakati wa baridi, fleti isiyo na mtu lazima iingiwe angalau kila baada ya siku nne. Isipoingiwa, bomba likaganda na kupasuka, mwenye fleti atajijua mwenyewe.

Na malipo? Hataki hata kusikia. Nilimwambia, "Dada, yule mama wa jengo la pili analipwa kwa kila mlango."

"Basi hamia kwake," akanijibu.

Januari akateleza kwenye barafu mlangoni, akavunjika nyonga. Siku tisa hospitalini, kichwa kimejaa dawa, hajui leo wala kesho. Nje ilikuwa digrii ishirini na nane chini ya sifuri. Mimi nilimpelekea supu ya njegere kila siku na nikajiona ndugu mwema. Zile funguo zilikuwa zimening'inia jikoni, mbele ya macho yangu, na sikuzifikiria hata mara moja.

Siku ya nane bomba likapasuka kwa Bwana Gaétan, ghorofa ya nne. Maji yakashuka mpaka ya tatu, dari ikaanguka, sakafu mpya ya mbao ya jirani wa chini ikavimba yote.

Gaétan akarudi na ndege ya kwanza, bado amevaa kaptura chini ya koti. Mzee wa miaka sabini na nne, hana kingine duniani ila ile fleti. Bima ya jengo ingetengeneza kuta na mabomba, sawa, lakini kuna kiasi cha kwanza ambacho haigusi, maelfu kwa maelfu ya dola, na kamati ya jengo ilimtupia yeye kwa kuwa maji yametoka kwake. Juu yake sakafu ya watu. Bima yake mwenyewe ikasoma daftari la Fernande, ikaona siku nane hazina kitu, ikamkatalia.

"Nitauza," aliniambia kwenye ngazi, midomo inamcheza. "Niuze, niende wapi, Normand?"

Wakati huo dada yangu alisharudi nyumbani, anatembea kwa fimbo.

Fernande ndiye aliyetoa mkataba wake wa bima kwenye droo, akausoma mstari kwa mstari, amevaa miwani mbili kwa pamoja. Jumatatu mkaguzi wa kampuni yake akaja, Bi Maryse Aubut, mwanamke mkavu, akaketi mezani kwetu. Gaétan alikuwepo. Mimi nilikuwa namimina kahawa.

"Bima yako haiangalii vitu vyako tu," Bi Maryse alimwambia dada yangu. "Ukimletea mtu hasara kwa uzembe wako, bila kukusudia, inamlipa huyo mtu. Unakubali ulizembea?"

"Niliahidi na sikuagiza mtu mwingine aende. Andika hivyo."

"Haya. Imebaki moja. Bima hii ni ya mtu na jirani yake, haigusi kazi ya malipo. Ulikuwa unalipwa?"

"Hata senti."

Nikamwaga kahawa kwenye kitambaa cha meza.

Ngoja niseme ukweli, nimeshazeeka sasa. Kila Oktoba walikuwa wanampa bahasha za pesa, naye anawarudishia. Kwa hiyo wakaanza kunipa mimi. "Mpe dada yako, kwetu hapokei." Nikasema nitampa. Miaka sita! Nilinunua bia na tiketi za hoki. Kisha nawaambia, "Fernande anashukuru sana."

Gaétan aligeuka akamtazama dada yangu, mdomo wazi. Nikaelewa anachofikiri. Anafikiri Fernande anadanganya, tena kwa uso mkavu, Fernande ambaye aliwahi kurudi dukani kwenye theluji kwa sababu ya chenji iliyozidi.

"Na wewe, Bwana Gaétan?" Bi Maryse akauliza. "Uliwahi kumlipa?"

Akisema ndiyo, fleti imekwenda. Akisema hapana, ni uongo mbele ya mkaguzi. Shingo ilimwiva nyekundu. "Mimi... kulikuwa na..."

"Bahasha nilizichukua mimi," nikasema. "Zote. Yeye hajui lolote."

Haki ya nani, nilitaka sakafu inimeze. Bi Maryse aliweka kalamu chini. "Mama, ulikuwa unajua?"

Fernande alinitazama kama mtu aliyefungua mlango akakuta nyumba ya wengine. Bi Maryse alimwangalia uso kwa muda, kisha akaandika, akafunga mkoba, akaenda.

Wiki tatu dada yangu hakunisemesha. Chakula aliniwekea, lakini neno hata moja hakutoa. Gaétan alikuwa akikutana nami kwenye lifti anashuka ghorofa isiyo yake.

Barua ikaja Alhamisi. Fernande aliisoma amesimama, ameegemea fimbo. Wamekubali, Gaétan analipiwa yote, kwa kuwa aliyefanya kazi hakulipwa wala hakujua. Aliketi akalia kidogo, akajifuta kwa taulo la vyombo. Kisha akachukua ile pete ya funguo na daftari, akaviweka kando ya sahani yangu ya supu.

"Umelipwa miaka sita," akasema. "Panda."

"Dada, magoti yangu—"

"Na unisikilize vizuri, Normand. Mimi nilikosa, bima ikanilinda kwa sababu sikuchukua kitu. Wewe umechukua. Ukikosa wewe, hakuna bima itakayokujua."

Nilipanda. Huu ni msimu wa pili sasa. Usiku baridi ikizidi sipati usingizi, najiuliza kama nilisikiliza vizuri bomba la ghorofa ya nne, na asubuhi nakuwa mlangoni kwa Gaétan kabla hata kahawa haijachemka.